Siri ya Fundi na Siri ya Mwuza Dawa

Msafiri aingiaye Lubumbashi, awe ametoka Likasi ama Kasumbalesa, huona kwanza dohani refu la kiwanda cha shaba, na karibu yake kilima cheusi. Kilima hicho hakikuumbwa pamoja na nchi. Ni mavi ya shaba, yaani taka za mawe yaliyoyeyushwa tangu mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya mji kuanzishwa kwa jina la Élisabethville.

Lakini shaba ya Katanga ni ya kale kuliko dohani hilo. Katika nyumba ya makumbusho mjini humo imo misalaba ya shaba, mikono yake minne ikiwa sawasawa, mingine yenye uzito upatao kilo moja hivi. Wasomaji wapenzi wasidanganyike na umbo lake: haikuwa misalaba ya sala. Ilikuwa fedha. Watu waliitumia katika biashara, na katika makaburi ya kale ya Sanga, bondeni Upemba, ambayo wataalamu walianza kuyafukua mwaka 1957, misalaba ya namna hiyo ilionekana imelazwa pamoja na wafu.

Waliotengeneza misalaba hiyo waliitwa walaji wa shaba. Mwaka 1926 Mbenedikto Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa baadaye askofu wa hapa hata alipofariki mwaka 1958, alitoa maandiko juu yao, nasi tunamshukuru. Kazi ilianza wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani. Mawe ya kijani yaliokotwa na kuchimbwa. Matanuru yalijengwa kwa udongo wa vichuguu. Makaa yakachomwa, mivukuto ikapigwa. Si kila mtu aliyeruhusiwa. Mafundi walikuwa chama cha siri, mkubwa wao alikuwa na dawa zake, na muda wa kazi waume walijitenga na wake zao. Vivyo hivyo kwa wahunzi wa chuma: katika kaburi moja la Upemba, la zaidi ya miaka 1000 iliyopita, mtu mkubwa alizikwa na shoka la heshima, na karibu na kichwa chake fuawe la chuma. Aliyejua kuugeuza mwamba kuwa silaha alihesabiwa kuwa karibu na mfalme, na karibu na mizimu pia.

Wako watu, hata miongoni mwa waliosoma, wasemao kwamba mambo hayo ya kuchanganya silaha na uganga ni ya Waafrika peke yao. Basi na tuifuate shaba yenyewe. Kwa miaka mingi shaba ya Katanga ilipelekwa Hoboken, karibu na mji wa Antwerpen nchini Ubelgiji, ikasafishwe huko. Mjini Antwerpen, mwaka 1531, ilipigwa chapa sehemu ya kwanza ya kitabu cha Cornelius Agrippa, mzaliwa wa Köln, juu ya elimu za siri: nyota, hesabu, alama, na nguvu zilizofichika katika vitu. Kitabu kizima kilitoka mwaka 1533. Mna ndani yake picha za mtu aliyenyosha mikono katikati ya duara na ya mraba, kwa kuwa wataalamu wa siku zile walimwita mtu ulimwengu mdogo.

Katika mji ule ule alizaliwa Gérard Thibault, mwalimu wa upanga. Kitabu chake kikubwa kilipigwa chapa Leiden mwaka 1630, naye amekwisha kufa. Thibault alimchora mtu katika duara, nasi twaweza kulipima duara hilo hata leo katika uwanja wa shule. Mtu asimame wima, ainue mkono mmoja juu. Kutoka unyayo hata ncha ya kidole ndiyo kipenyo cha duara. Nusu yake hufika kitovuni, na bapa la upanga lapaswa kuwa na urefu wa nusu hiyo. Ndani ya duara alipiga mistari, akaonyesha mguu ukanyage wapi, na adui afikiwe kwa hatua gani. Mtazamaji mjinga angedhani ni duara la mchawi, na wasomi wengine wameona humo kivuli cha Agrippa. Mimi naona zaidi jiometria. Mwanafunzi aliyefuata mistari ile alijifunza umbali, na umbali ni nusu ya upanga.

Lakini wako wengine waliouza siri isiyo na kipimo. Wahunzi wa Passau, Ujerumani, walitia alama ya mbwa-mwitu katika panga zao. Ilikuwa alama ya karakana tu, lakini askari waliisadiki kuwa kinga. Mwanzoni mwa karne ya 17 vikaanza kuuzwa vikaratasi vyenye maneno na alama. Askari alivimeza ili chuma na risasi zisimpenye. Katika vita vya miaka 30, vilivyokwisha mwaka 1648, wengi walivitumaini, Wazungu kwa Wazungu, Wakristo kwa Wakristo. Tena kabla ya hapo, katika mapigano ya hukumu, mpiganaji aliapishwa kwamba hakuficha hirizi mwilini. Kanisa halikunyamaza: Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwatenga wapiganao wawili wawili kwa ajili ya heshima, pamoja na watawala waliowapa kiwanja.

Turudi Kongo. Mwaka 1964 Wasimba walinyunyiziwa maji, wakaambiwa risasi zitageuka maji. Ndio waliomwua Mwenye Heri Anuarite kule Isiro. Na hapa Lubumbashi, Jumamosi tarehe 23 Machi 2013, kesho yake ikiwa Dominika ya Matawi, mamia ya wapiganaji wa Bakata Katanga waliingia mjini kwa miguu. Baadhi walikuwa na bunduki, wengine pinde na mapanga, na hirizi mwilini. Walipandisha bendera ya Katanga ya mwaka 1960, yenye misalaba mitatu ya shaba. Watu zaidi ya 20 waliuawa siku ile. Wapiganaji zaidi ya 200 walijisalimisha katika kambi ya Umoja wa Mataifa, na watoto walikuwamo.

Mlaji wa shaba alikuwa na miiko, na mpiganaji wa dawa ana miiko: asiguse mwanamke, asigeuke nyuma. Tofauti yao huonekana kazi ikiisha. Tanuru likivunjwa, shaba imo au haimo, na fundi hawezi kumdanganya mtu. Dawa ya vita ikishindwa, mganga husema marehemu alivunja mwiko, naye marehemu hayupo kujibu. Kwa maneno hayo kijana wa pili hupakwa dawa ile ile iliyomwua wa kwanza, tena mganga hulipwa mara mbili.

Siri ya matanuru imeandikwa, na duara la Thibault limechapwa kwa picha 46. Dawa za wale walioingia mjini mwaka 2013 hazikuandikwa popote. Misalaba imo kwenye makumbusho, na mwalimu akiomba ruhusa, wanafunzi huenda wakapewa mmoja waupime uzito mkononi.