Mwili Hujifunza Polepole

Mtu akiugua surua akapona, kwa kawaida haugui tena. Chembe nyeupe za damu humkumbuka adui.

Jirani yangu hapa Musoma alidhani kichocho cha tumbo ni vivyo hivyo. Mwanawe alimeza dawa mwaka jana, basi mwaka huu akamkataza.

Minyoo ya kichocho ni mijanja. Hukaa katika mishipa ya damu ya matumbo, imejivika vitu vya damu yetu wenyewe. Mwili huitambua zaidi inapokufa, nayo huishi miaka kadhaa! Kwa hiyo kinga huja ukubwani, tena si kamili. Mtoto akioga ziwani huambukizwa upya.

Nilimweleza jirani hayo. Jumatatu mtoto alikula uji, akameza vidonge shuleni. Baba yake sasa anachimba choo.