Kabla ya Kuongeza Hita, Tazama Dohani

Mwanangu Rehema,

Baba yako amenieleza kuwa nyumba mliyonunua huko Leeds ni ya zamani, ina meko mawili ya ukutani ambayo hayajawashwa miaka na miaka, na sebule haishiki joto hata hita zikiwaka kutwa. Kabla hujamlipa fundi akuongezee hita nyingine, soma haya.

Nyumba za safu zilizojengwa Uingereza enzi za Malkia Victoria zilitegemea makaa ya mawe. Karibu kila chumba kilikuwa na meko, na kila meko njia yake ya moshi mpaka juu ya paa. Desemba 1952 moshi mzito uliifunika London siku tano na kuua maelfu ya watu. Mwaka 1956 Bunge likapitisha sheria ya hewa safi, na taratibu watu wakahamia kwenye gesi na umeme. Makaa yakaondoka, dohani zikabaki wazi.

Wengi hudhani tatizo ni upepo unaoshuka. Upo, lakini hasara kubwa iko kwenye kinachopanda. Hewa yenye joto ni nyepesi. Ikipata njia ndefu kama ile hupanda na kupotelea nje, na chumba hulazimika kuvuta hewa ya baridi kupitia chini ya milango, pembeni mwa madirisha na kwenye nyufa za sakafu ya mbao. Ndiyo maana hata anayeketi mbali na meko, karibu na mlango, huganda miguu. Chumba kikiwa na baridi kuliko nje, mkondo hugeuka na kushuka na harufu ya masizi. Benjamin Franklin aliyaona haya zamani: katika barua ya 1758 alieleza kuwa wakati wa kiangazi dohani isiyowashwa hupandisha hewa tangu jioni hadi asubuhi, kisha mchana huishusha.

Kupima ni rahisi. Mwenye nyumba hufunga madirisha, akawasha kijiti cha udi na kukishika kwenye mdomo wa meko. Moshi ukilala na kuingia dohanini kana kwamba unavutwa kwa uzi, joto lake linapita hapo hapo.

Lakini asizibe chochote kabla ya kujua dohani inatumika na nini. Hita ya gesi iliyounganishwa humo ikizibiwa njia, kaboni monoksidi hurudi chumbani, nayo haina rangi wala harufu. Inaua watu usingizini. Fundi wa gesi aliyesajiliwa Gas Safe ndiye wa kuthibitisha, si jirani. Pia kuna ndege: jackdaw, kunguru wadogo wa huko, hujenga viota dohanini, na sheria ya 1981 inakataza kuharibu kiota kinachotumika.

Vizibo viko vya aina nyingi. Puto la dohani hupulizwa likajaa kwenye koo la meko, na mtu akisahau akawasha moto, hunywea. Ubaya wake, tofali lililochongoka hulitoboa. Wapo wanaojaza magazeti kwenye mfuko wa plastiki. Ni bure, lakini karatasi hulowa, na ni kuni zinazosubiri kiberiti. Mimi nachagua kizibo cha sufu ya kondoo. Hukatwa kikubwa kidogo kuliko tundu, kikasukumwa juu mpaka kikwame, na mpini wake ukaning'inia ili kila mtu ajue kuna kitu humo. Sufu huzuia mkondo lakini huacha dohani ipumue.

Kupumua huko si jambo dogo. Mvua huingia kwa juu, na matofali hunyonya maji. Dohani iliyozibwa kabisa kwa matofali na simenti haikauki. Baada ya muda madoa ya kahawia hutokeza ukutani, na rangi mpya haiyafichi. Fundi akishauri kuziba moja kwa moja, akatae mwenye nyumba, au adai tundu la hewa lenye wavu chini na kifuniko cha juu kinachozuia mvua bila kuzuia hewa.

Kwa hiyo muite msafisha dohani mwezi huu, kabla Novemba haijaingia. Akimaliza, pima urefu na upana wa koo la kila meko uniandikie. Vizibo vyote viwili nitanunua mimi.

Baba yako mkubwa