Haki ya Anayevuka



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), wiki hii tumekusudia kuzungumza na jamaa zetu wasomaji, hususan mama zetu na dada zetu, juu ya daraja. Huenda msomaji akaona ajabu kwamba sisi tuliozoeleka katika kurasa hizi kwa masuala ya ndoa, malezi na mirathi, leo tunaingia katika boriti na zege. Walakini njia ni jambo la dini. Mtume wetu ametufundisha kuwa imani ina matawi sabini na kitu, na kwamba tawi lake la chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. Tawi la chini si tawi la kupuuzwa. Ndilo ambalo kila mmoja wetu, mwanachuoni na asiyesoma, mwenye mali na asiye nayo, mkono wake unalifikia.

Kijiji tunachosomesha, upande wa kusini wa pwani yetu, kimekatwa na hori. Maji yakipwa, hori hubaki matope na mizizi ya mikoko. Yakijaa, hasa nyakati za bamvua, maji hupanda kwa kima cha kumzamisha mtu mzima aliyesimama. Juu ya hori hilo lipo daraja la miti walilolijenga wazee wetu kwa mikono yao: nguzo za mkoko zilizokitwa matopeni, boriti zilizolazwa juu yake, na mbao za kukanyagia. Lilikuwa daraja jema kwa zama zake. Lakini mti uliokaa katika maji ya chumvi una adui wawili. Wadudu wa baharini huutoboa kwa ndani, hata nguzo ikaonekana nzima kwa nje na ndani yake ni mapovu matupu. Na misumari huliwa na kutu mpaka ubao hauna unachoshikilia. Kila baada ya masika vijana walikuwa wakibadilisha mbao mbili tatu, na watu wakisema daraja limetengenezwa. Kilichotengenezwa kilikuwa ni kile kinachoonekana na macho.

Tuulize sasa: ni nani anayevuka? Mwanamume mwenye pikipiki hulizunguka hori kwa njia ya juu, masafa marefu lakini salama. Mvuvi ana dau lake. Wanaolitegemea daraja ni wanawake na watoto: mama mwenye ndoo ya chaza kichwani, binti anayekwenda skuli ng'ambo, watoto wa madrasa wanaorudi baada ya alasiri, mjamzito anayekwenda zahanati, na bibi anayekwenda kumuuguza mwanawe. Mwenye uwezo wa kusema barazani havuki, na anayevuka hakaribishwi barazani. Kwetu sisi hiyo ndiyo sababu kubwa ya daraja lile kukaa bovu kwa miaka, kuliko hata uhaba wa fedha.

Masika yaliyopita mama mmoja alikanyaga ubao ukamkatikia. Alhamdulillahi maji yalikuwa yamepwa, akaangukia matopeni, akavunjika mkono. Lau ingelikuwa ni saa ya maji kujaa, tungekuwa tunaandika tanzia. Ijumaa iliyofuata baada ya swala watu walikaa kitako, na kwa mara ya kwanza tuliomba wanawake wakae katika kikao hicho, nyuma ya pazia lakini sauti zao zikisikika. Rai tatu zilitolewa.

Rai ya kwanza ilikuwa kukata boriti mpya na kukarabati kama ada. Ya pili ilikuwa kuisubiri serikali, kwa kuwa kodi tunatoa. Ya tatu, iliyoungwa mkono na wengi, ilikuwa kuchukua fedha zilizokwisha kukusanywa: zaka iliyokuwa mkononi mwa kamati, na mfuko wa kujengea mnara wa msikiti. Mzee mmoja alisema, na alisema kwa uchungu, kwamba mnara unaweza kungoja lakini tumbo la mjamzito halingoji.

Maneno yake yalikuwa ya haki, lakini njia ya kuifikia haki nayo ina adabu zake. Zaka imepangiwa wenyewe katika Sura ya Tawba, makundi manane, na wanachuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, pamoja na wengi wa madhehebu mengine, hawakuruhusu itumike kujengea misikiti wala madaraja. Ni haki ya fukara na maskini kuimiliki kwa mikono yao. Tukiitia katika zege, tutakuwa tumemjengea fukara daraja kwa shilingi zake mwenyewe kisha tukajisifu kuwa tumemsaidia. Ama fedha za mnara, hizo zilitolewa kwa nia maalumu, na nia ya mtoaji ni amana iliyo shingoni mwa mwenye kuzishika. Kamati haina mamlaka ya kuibadilisha kwa wingi wa mikono iliyoinuliwa. Lakini mtoaji aliye hai anaulizika.

Basi tukauliza. Daftari lilifunguliwa, na kila aliyeandikwa jina lake alifuatwa. Wapo waliokataa, na fedha zao zimebaki kwenye mnara bila ya lawama. Ambao hawakujulikana walipo, na waliokwisha kutangulia mbele ya haki, fedha zao nazo zimebaki. Wengi waliridhia. Dada mmoja anayefanya kazi za nyumbani Saudia alituletea jawabu kwa sauti kwenye simu. Alisema fedha zile alizitoa kwa nia ya thawabu za marehemu mamake, na mamake aliuza mikate ng'ambo ya hori miaka yote ya uhai wake, akilivuka daraja lile alfajiri na magharibi. Akasema, "Ziwekeni pale alipokuwa akipita." Tuliposikilizishwa, wengi tuliokuwapo tuliinamisha vichwa.

Fukahaa wetu wametaja madaraja miongoni mwa mambo yanayofaa kuwekewa wakfu, kwa kuwa manufaa yake hubaki. Na katika tarikh, mwanamke ametangulia katika mlango huu. Zubayda, mkewe Khalifa Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 831, alitumia mali yake kuchimbisha visima na kujengesha mabirika katika njia ya mahujaji kutoka Kufa hadi Makka, na njia hiyo ikaitwa kwa jina lake. Basi asiambiwe mwanamke wa leo kwamba habari za njia ni za wanaume.

Lakini kabla ya fedha kulikuwa na jambo zito zaidi: daraja lifungwe au lisifungwe wakati tunangoja? Kulifunga kulikuwa na maana ya kuwazungusha watoto njia ya juu katika jua na mvua, na kumpunguzia muuza mikate soko lake. Wapo waliotuambia kuwa ajali ni kadari. Kadari tunaiamini, lakini Mwenyezi Mungu huyo huyo ametukataza kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu, na katika kanuni za sheria yetu kuondoa madhara hutangulizwa mbele ya kuvuta manufaa. Tulishikilia lifungwe. Likafungwa kwa miti iliyopingwa pande zote mbili, na wavuvi wawili wakajitolea kuvusha kwa dau asubuhi na jioni kwa zamu, watu wachache kwa wachache.

Tunasema wachache kwa wachache kwa sababu pwani yetu haijasahau. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka pale Mtongwe, karibu kabisa na nchi kavu, na watu 272 wakapoteza maisha. Chombo kilikuwa kimebeba kupita kadiri yake. Basi dau letu lina idadi iliyoandikwa ubavuni kwa rangi, na mama yeyote ana ruhusa ya kumzuia nahodha asing'oe nanga ikiwa imezidi.

Pwani hii pia inajua kwamba vivuko hubadilika watu wakitaka vibadilike. Waliokula chumvi nyingi wanalikumbuka daraja la Nyali la zamani, lililoelea juu ya maji tangu 1931, mpaka lilipojengwa la zege mwaka 1980. Kilifi watu walipanga foleni ya feri mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Sisi hatutaki daraja kama hayo; tunataka la waenda kwa miguu na baiskeli. Walakini somo ni lile lile: ukifika wakati wa kubadilisha, badilisha, usiendelee kupachika viraka.

Mhandisi, mwana wa kijiji cha jirani, alikuja kulipima hori bila ya malipo, Allah amjazi kheri. Alitufahamisha mambo ambayo tunapenda kila kijiji chenye hori kiyajue. Kwanza, kimo cha daraja hupimwa kwa bamvua kubwa pamoja na mafuriko ya masika, si kwa maji ya siku ya kawaida. Pili, zege lililo baharini linataka mchanga usio na chumvi na maji matamu ya kuchanganyia, na nondo zifunikwe kwa unene wa kutosha. Chumvi ikipenya, chuma hushika kutu, hufura, na zege hupasuka kutoka ndani. Fundi anayechota mchanga ufukweni kwa kuona ni rahisi anakuuzia daraja lenye maradhi tangu kuzaliwa. Tatu, pawe na mikono ya kushikia pande zote mbili, mmoja wa kimo cha mtu mzima na mmoja wa kimo cha mtoto. Nne, mikoko isikatwe ovyo, kwa kuwa ndiyo inayoshika udongo wa kingo. Tena kukata mikoko kunahitaji idhini ya idara ya misitu, na ujenzi katika hori una kibali chake cha mazingira.

Na serikali je? Rai ya pili haikuwa batili, ilikuwa pungufu. Kusubiri si sawa na kudai. Tuliandika barua kwa ofisi moja inayohusika, tukaambiwa faili haionekani. Tukaandika tena, tukaambiwa bajeti imekwisha kupitishwa. Hapo ndipo kijana wetu mmoja anayesomea sheria alipotufundisha kalenda. Kwa mujibu wa sheria ya fedha za umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hutakiwa uwe umefika katika bunge la kaunti tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti tarehe 30 Aprili. Anayepeleka haja yake mwezi wa Juni amefika karamuni sahani zinaoshwa. Pia Katiba, katika kifungu cha 35, imempa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 imeweka muda wa kujibiwa: siku 21, na saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai wa mtu. Barua ya tatu tuliiandika kwa kuvitaja vifungu hivyo, na mara hii faili ilionekana.

Kikao cha maoni ya umma kilipoitishwa, akina mama walikwenda mapema wakakaa safu za mbele. Yule mama aliyevunjika mkono alisimama na kusema maneno machache tu: saa aliyoanguka, kimo cha maji, na watoto aliowaacha nyumbani siku ile. Jirani zetu Wakristo wa ng'ambo walisema nao, kwa kuwa daraja halimwulizi mtu dini yake. Wao wamo katika kamati yetu, na sadaka yetu inawafikia kama inavyotufikia, nao wameahidi kokoto na nguvu kazi. Mpaka tunapoandika haya, daraja limo katika mpango wa mwaka ujao, na vigingi vya vipimo vimekwisha kupigwa. Fungu letu limewekwa akiba, lenye daftari ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma baada ya swala ya Ijumaa. Kuwamo katika mpango si kujengwa, na tunalijua hilo. Kwa hiyo kila mwezi wanawake wawili na wanaume wawili hufika ofisini kuuliza, kwa heshima na bila kuchoka.

Enyi jamaa zetu, nasaha yetu ni nyepesi. Mtembee katika njia za watoto wenu kabla ya masika kuingia. Mzitikise nguzo, msitazame mbao peke yake. Palipo na hatari, mfunge kwanza kisha mjadiliane. Mtoapo sadaka, mtaje nia yenu waziwazi, na mnaoshika mali za watu mziheshimu nia hizo. Na mama akisema njia haipitiki asiambiwe avumilie, kwani yeye ndiye anayeipita. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alichelea kuulizwa juu ya mnyama atakayejikwaa katika nchi ya Iraq kwa kuwa njia haikusawazishwa. Sisi tuna watoto wa madrasa thelathini na mbili wanaongoja kuvuka.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wote wapitao juu ya maji, awarehemu waliotutangulia, na ajaalie kila aliyetoa, kwa mali au kwa jasho au kwa neno, akute malipo yake siku ya kivuko kilicho kikubwa zaidi. Amin.

Wabillahi tawfiq.