Kuruka na Kutua

Lugha yetu humpa ndege na mtu kitendo kimoja: wote wawili huruka. Ndege hapati hasara kwa ukarimu huo, lakini mtu aghalabu hudanganyika. Hudhani kuwa kazi yote ya kuruka iko juu, kumbe sehemu yake kubwa hufanyika chini, wakati wa kutua.

Mimi nilidanganyika hivyo Ubaruku mwaka 1997. Kimo changu kilikuwa kifupi na tamaa yangu ndefu, na pete ya mpira wa kikapu iko mita 3.05 kutoka ardhini. Nikasikia kwa wakubwa zangu kwamba ajirushaye kutoka mahali pa juu, akatua na kuruka tena papo hapo, hupata miguu ya swala. Basi kila jioni nilijitupa mara mia kutoka ukuta wa ghala la mpunga hadi kwenye sakafu ya saruji. Wiki ya nne goti la kulia likaanza kuuma chini ya pia yake. Sikulisikiliza. Hata leo, kila nipandapo ngazi kwenda kufundisha, lahesabu vidato pamoja nami.

Elimu niliyoisikia haikuwa uongo; niliipokea bila kipimo chake. Mrusi Yuri Verkhoshansky aliwazoeza warukaji namna hiyo katika miaka ya 1960, na mwaka 1975 Mmarekani Fred Wilt akaieneza kwa jina la plaiometriki. Mimi, kwa wivu wa lugha, ningependa kuyaita mazoezi ya mdundo. Mguu utuapo misuli na kano huvutwa, huweka nguvu kama mpira uliobonyea, kisha huirudisha ikiwa mwenyewe hakukawia chini. Akikawia, nguvu hiyo hupotea kuwa joto. Vijana wa Kimasai, ambao tunao huku Usangu, huruka wima katika ngoma zao bila kukaza visigino ardhini. Siri ile wanayo, wala hawakuihitajia jina la kigeni.

Likizo iliyopita mpwa wangu alinijia. Hana kimo cha Hasheem Thabeet, mwenye mita 2.21, aliyechaguliwa wa pili katika uteuzi wa ligi ya Marekani mwaka 2009. Lakini tamaa anayo.

“Shikamoo, mjomba. Nifundishe kuruka.”

“Marahaba. Ruka mara moja.”

Nikafumba macho. Alitua kwa kishindo cha gunia.

“Nimegusa juu, mjomba! Hukuona?”

“Nimesikia.”

Nikampeleka kwenye nyasi. Wiki tatu hakufanya ila kutua: magoti yakunjike, yasiangukiane ndani. Ndipo tukaongeza miruko midogo, siku mbili kwa juma, na mapumziko baina yake. Kipimo kilikuwa chaki ukutani, kwa desturi iliyotokana na jaribio alilolitangaza Dudley Sargent mwaka 1921: alama ya mkono ukiwa umesimama, na alama ya mkono ukiwa umeruka.

Juzi amenipigia simu. Alama imepanda vidole vitatu. Nikamwuliza habari za kishindo. Akasema aliruka nje ya dirisha, na mama yake, aliyekuwa ndani akipepeta mchele, hakujua kama yupo.