Nakuru kwa Mara ya Kwanza

Kila mwaka zimo familia za Pwani zinazopanda bara kumsindikiza kijana anayeanza masomo katika Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, kilomita kama 25 kutoka Nakuru. Wengine huenda kuoza, kuzika au kuwatembeza watoto wakati wa likizo. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Kiswahili husikika kila pembe na noti ni zile zile tunazotumia Mombasa. Labda ndiyo sababu wengi wetu hufunga mizigo kana kwamba tunakwenda Malindi. Tunayaandika haya kwa ajili yao, na hasa kwa akina mama, ambao aghalabu mizigo hiyo ni wao wanaoifunga.

Tuanze na ibada, kwani hapo ndipo penye hatari isiyoonekana. Nakuru iko magharibi ya Mombasa kwa zaidi ya digrii tatu na nusu, na kwa hiyo jua huchelewa kuzama kwa wastani wa robo saa. Mwezi wa Juni tofauti hiyo hufikia dakika ishirini; Desemba hushuka chini ya kumi. Ratiba ya sala iliyobandikwa ukutani nyumbani haifai huko. Aliyefunga, akifuturu kwa adhana ya redio ya Mombasa, au kwa simu ya dada yake aliyeko Kisauni anayemwambia kwamba wao wameshakunywa uji, atakuwa amekula jua la Nakuru lingali juu, na siku hiyo ni deni. Alfajiri nayo huchelewa vivyo hivyo, na mwenye kusali kwa saa ya Pwani huenda akasali wakati haujaingia. Programu za simu nazo zikaguliwe, maana nyingine hubaki na mji wa mwanzo mpaka uubadilishe mwenyewe. Kibla pia husogea: Mombasa twaelekea kaskazini takriban sawasawa, na Nakuru huinama upande wa mashariki kwa digrii kama tisa.

Mwendo wenyewe wapita kilomita 600, basi ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala ipo njiani. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu twayafuata, anayenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, husali sala kamili tangu afikapo. Mzazi anayemfikisha mtoto chuoni na kurejea keshokutwa yumo katika ruhusa. Mtoto mwenyewe hayumo.

Ama baridi, msiidharau. Mji uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku joto huweza kushuka hadi digrii kumi. Buibui jepesi la Pwani litahitaji sweta chini yake, na watoto wavae soksi wakilala. Kutawadha alfajiri kwa maji ya bomba ni mtihani kwa aliyezoea maji ya vuguvugu ya kwetu. Hapa ndipo khuffu, yaani soksi za ngozi, zinapomfaa msafiri: zikivaliwa na miguu ikiwa tohara, hupanguswa siku tatu na nyusiku zake. Tunashangaa kwamba ni wachache Pwani wanaozinunua.

Njia iliyo nyepesi ni treni ya SGR ya asubuhi kutoka Miritini, iliyoanza kazi mwaka 2017, hadi Syokimau, kisha basi au matatu kwa kilomita kama 160 zilizobaki. Fuateni mchana. Barabara ile imebeba malori ya kwenda Uganda, na sehemu za juu za Limuru hugubikwa na ukungu. Tena mkiipita usiku mtaukosa mteremko wa Bonde la Ufa, ambapo ardhi hufunguka ghafla na mlima Longonot ukasimama chini yenu.

Katika chakula, ulizeni bila haya. Waislamu ni wengi Nakuru, na mtaa wa zamani wa Bondeni ni mahali pazuri pa kuanzia kutafuta mkahawa wa halali. Mwenye kukuhudumia hatachukia ukimwuliza nani amechinja. Kando ya barabara ndipo pa kuangalia. Mutura, inayochomwa jioni na kunukia vizuri mno, ni utumbo uliojazwa nyama na damu, na damu ni haramu hata mnyama angechinjwa na nani. Waambieni watoto mapema, maana harufu ile huwavuta. Mahindi ya kuchoma hayana shaka.

Wengi huenda kwa ajili ya mbuga ya Ziwa Nakuru, nusu saa haijafika kutoka katikati ya mji. Malipo hufanywa kwa eCitizen, wala si kwa fedha mkononi, basi beba kitambulisho ulipe kiwango cha mwananchi. Ndani hakutembelewi kwa miguu; kodini gari kwa pamoja. Chupa za plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020, kwa hiyo maji yabebwe katika chupa za kudumu, na kikapu cha sambusa kifichwe, kwani nyani wa kule hawabishi hodi. Msiwaahidi watoto heroe. Maji ya ziwa yamepanda tangu mwaka 2010 hivi, magadi yakapungua, na ndege wengi wakahamia Bogoria. Waahidini faru.

Mkibaki na saa mbili huko Njoro, liangalieni jumba la Lord Egerton, lililoanza kujengwa mwaka 1938 likamalizika 1954. Inasimuliwa kwamba alikataliwa na mwanamke, akawapiga marufuku wanawake wote katika ardhi yake. Siku hizi akina mama huingia kwa tiketi na kukagua vyumba kwa utulivu.

Wenye gari lao waache nafasi nyuma wakati wa kurudi. Viazi, karoti na kabichi huuzwa barabarani kati ya Naivasha na Limuru, na pasipo kusita bei ya kwanza hushuka ukianza kuondoka.