Nyota za Mtaa wa Mahema

Nilipokwenda Cairo kumtazama mwanangu anayesoma al-Azhar, sikwenda kwa shughuli hiyo peke yake. Wanawake 14 wa mtaani kwetu walikuwa wamechanga fedha ili ninunue pazia la kutenganisha sehemu yetu ya kuswalia, maana lililopo limechakaa hata mwanga wa taa unapenya. Fedha za watu ni amana. Niliifunga bahasha ndani ya leso, nikaifunga leso kiunoni, na sikuifungua hadi nilipofika.

Kutoka al-Azhar mtu hukata njia kuingia al-Ghuriya, akafuata barabara ya al-Muizz kuelekea kusini, katikati ya maduka ya nguo na makelele ya wachuuzi, hadi lango la Bab Zuweila lililojengwa mwaka 1092, ambalo juu yake imesimama minara miwili. Ukitoka nje ya lango, mbele yako kuna mtaa ulioezekwa paa. Huo ndio mtaa wa al-Khayamiya, yaani mtaa wa washona mahema, uliojengwa na Amiri Ridwan Bey yapata mwaka 1650. Zamani Cairo ndiyo iliyokuwa ikiaga msafara wa Hija uliobeba kiswa cha Al-Kaaba, na msafara haukosi mahema. Kiswa cha mwisho kutoka Misri kilipelekwa mwaka 1962. Washonaji wamebaki, ila sasa wanashona mapambo ya ukutani, foronya na mapazia.

Jambo la kwanza lililonipokea lilikuwa majora ya kitambaa kilichopigwa chapa kiwandani: nyota zilezile, rangi zilezile, bei ya kutupa. Ukisimama hatua kumi huwezi kukitofautisha na kilichoshonwa kwa mkono. Nilipiga hesabu kimoyomoyo. Kwa bahasha yangu ningeweza kuvika msikiti mzima kwa kitambaa cha chapa. Kwa kazi ya mkono, ningepata kipande kisichozidi mswala.

Tuliingia katika duka moja dogo. Fundi, mzee mwenye miwani, alikuwa ameketi kitako kwenye jukwaa, amekunja miguu, mgongo ukutani. Akaniita hajjat, ingawa Hija bado sijajaaliwa, nami sikumsahihisha. Mwanangu akawa mkalimani wetu.

Nilimwomba anionyeshe nyota moja inavyozaliwa. Alitwaa karatasi, akaikunja mara mbili, kisha mshazari, ikawa pembe nyembamba. Juu ya pembe ile akachora mstari mmoja tu uliovunjika, akautoboa kwa sindano tundu baada ya tundu. Alipoikunjua, nyota nzima ilikuwa imekamilika. Akaitandaza juu ya turubai nene, akaipitishia kitambaa chenye unga wa makaa, na madoa meusi yakashuka mahali pake. Kwa kitambaa cheusi hutumia unga mweupe. Mpaka hapo, nilijiambia, hata mimi naweza.

Nyota yenyewe ni miraba miwili iliyopandana, mmoja umelala sawa na mwingine umegeuzwa. Kila mraba ni ukanda mweupe, na kanda hizo mbili hukutana mahali panane. Hapo ndipo penye mtihani. Ukanda ukipita juu mahali pamoja, panapofuata sharti upite chini, kisha juu, kisha chini, mpaka urudi ulikoanzia. Panapopita chini hukatwa mfupi, na mwisho wake hufichwa chini ya ukanda wa pili kabla huo wa pili haujashonwa. Kwa hiyo fundi hawezi kushona jinsi mkono unavyomtuma. Ajue kipi kinatangulia.

Na kila ncha ina adabu yake. Kwanza hukunjwa ncha yenyewe kuelekea ndani, kisha upande wa kwanza, hupunguzwa kwa mkasi, ndipo hukunjwa upande wa pili kwa ncha ya sindano. Ukianza na pande, ncha hutoa mkia. Pembe ya ndani hukatwa kidogo ili kitambaa kilegee, lakini mkasi usifike mstarini. Zibaki nyuzi mbili, la sivyo itachanika. Nilimwuliza kosa dogo lina madhara gani. Akanionyesha ukucha wake. Ukikosea upana wa uzi mmoja katika kila makutano, alisema, ukifika makutano ya nane umekosea nyuzi nane, na ukanda haukutani na mwanzo wake.

Alinipa sindano, kastabini na kiraka. Nilishona kwa saa mbili, chai ikapoa. Nilipomaliza nikaona imependeza. Yeye aliitazama kufumba na kufumbua akaweka kidole mahali pamoja: ukanda mmoja ulikuwa umepita juu mara mbili mfululizo. Tangu hapo kila kitu kilikuwa kinyume, nami sikuona.

Usiku ule nilipiga simu nyumbani, kwani amana si ya kuamuliwa na mtu mmoja. Walikuwa wamekusanyika barazani. Somo yangu mmoja akasema, "Bibi wee, sisi twataka stara, hatutaki makumbusho. Nunua hicho cha chapa urudi." Wengi walikubaliana naye, na sikuwalaumu. Mkubwa wetu, ambaye ameshona kofia za vito tangu usichana wake, alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali moja: "Hiyo karatasi ya vitundu, anaiuza?"

Asubuhi nilirudi kwa fundi. Hakuiuza. Alitoboa nyingine mbele yangu akanipa, nami nikanunua nyota moja iliyoshonwa na mkono wake iwe kielelezo. Turubai na vitambaa tumevipata huku huku Mombasa. Nilirudi na salio, nikalihesabu mbele yao wote 14, na hata somo yangu alihesabu mara ya pili.

Pazia litakuwa na nyota 12. Tunashona baada ya Alasiri, siku tatu kwa wiki, na hadi leo zimetimia tano, ikiwemo ile ya Cairo iliyokaa katikati. Yangu ya kwanza niliipeleka kwa mkubwa wetu nikitumaini atanipa japo pembe ya chini, karibu na mlango wa viatu, mahali pasipotazamwa. Siku ya pili nilimkuta ameifumua yote. Alinirudishia vipande vimepigwa pasi, na sindano imechomekwa juu yake, tayari ina uzi.