Magoti na vilima vya Nakivale

Anayeijua njia ya kutoka Base Camp kuelekea Juru anajua vumbi lake na vilima vyake. Mwezi huu tuliitembea na mama jirani yetu. Zahanati walimwambia yabisi ya magoti ndiyo inaanza: gegedu, ile kitu laini inayofunika ncha za mifupa, inalika. Majirani wakamshauri akae tu kitandani. Haya, na maji atachota nani?

Kwenye tambarare mama alituacha nyuma. Kupanda, polepole lakini sawa. Kushuka ndiko kulimtesa, kwa sababu goti linaposhuka linabeba uzito zaidi. Na jerikeni ya lita 20 ni kilo 20 nzima! Siku hizi anachukua mbili za lita 5, moja kila mkono, halafu anarudi tena. Kilima anakishuka kwa kukata kona, si moja kwa moja. Akiwa hana mzigo anashika fimbo, kwa mkono ulio upande wa goti lenye nafuu (wengi wanashika upande unaouma). Jioni anakaa na kuinuka kwenye kiti mara kumi, mapaja yapate nguvu ya kulisaidia goti. Kutembea hajaacha.

Lakini goti likivimba ghafla, likawa la moto na homa ikapanda, hiyo ni habari nyingine. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, hata kwa boda ya kukopa.